Mashine ya Baba Mdogo Sylvère

Kalemie, 12 Februari 2024

Elvire, binti wa mdogo wangu,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mashine ndiyo inayokamua ng'ombe. Mashine haikamui. Ng'ombe mwenyewe ndiye anayeyaachilia maziwa, na mashine, ikiwa imewekwa sawa, inayapokea. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kununua mashine nzuri kuliko zote akapata maziwa machache kuliko mama mwenye ndoo. Nimelitanguliza neno hili hata kabla ya salamu kwa sababu barua yako ya Januari ilinichekesha, na nilikuwa sijacheka tangu tulipomzika baba yako. Niseme vizuri: tangu mlipomzika. Mimi sikuwepo.

Sasa salamu. Mguu wangu umepona kiasi cha kunifikisha mlangoni. Binti yangu Benite amejifungua mtoto wa pili wa kike, naye analia kwa nguvu, wanavyoniambia, maana masikio yangu yamekwisha. Simu nikiiweka sikioni nasikia kitu kama mvua juu ya mabati. Kwa hiyo andika. Mpe mchuuzi Cirimwami barua anapokuja Kalemie kununua mawese, na mwambie asifungie sabuni ndani yake kama mara iliyopita, maana karatasi ilinuka mpaka Benite akaniuliza ni mwanamke gani ananiandikia.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Unasema mdogo wangu Sylvère ameuza mtamba aliyezaliwa na Gaju, akanunua mashine iliyokwisha kutumika, yenye injini ya petroli na vikombe vinne. Namwelewa. Mwezi wa Agosti mwaka wa msiba utakuwa umetimia, ukoo utakaa pamoja kwa kuganduka, yaani kilio kitaondolewa, na kila mtu atasikia ng'ombe wa marehemu baba yako Amissi wanabaki na nani. Anataka siku hiyo watu waone injini ikinguruma na waseme: huyu ndiye mfugaji.

Wewe ulikuwepo makaburini, ulisikia kwa masikio yako alivyosema: "Mukubwa Anselme amenipa mimi ng'ombe, mutoto mwanamuke hawezi kuongoza boma." Siku ile nilikuwa kitandani hospitalini, sijui kama ni mchana au usiku. Sikumtuma aseme neno. Mdogo wangu alichukua kinywa changu nikiwa siwezi kukifungua. Sijamwandikia hata mstari mmoja juu ya hilo, na wala sitamwandikia. Mimi nangoja.

Nikueleze mashine inavyofanya kazi, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa mifugo, ujue unachokitazama. Pampu inanyonya hewa kwenye mabomba. Ndani ya kila kikombe cha chuma kuna mpira laini unaoishika chuchu. Hewa ikinyonywa, mpira unafunguka na maziwa yanatoka; kisha mpira unajifunga na kuikanda chuchu ili damu irudi juu. Kunyonya, kupumzisha, kunyonya, kupumzisha, kama moyo wa mtu aliyeketi. Mvuto wa hewa ukizidi, au mpira ukiwa mkuukuu, chuchu haipumziki. Inavimba, ncha yake inakuwa ngumu, halafu uchafu unaingia na kiwele kinaugua. Na kabla ya hayo yote, ng'ombe lazima ashushe maziwa. Wetu wamezoea ndama aletwe anyonye kidogo. Ukimwondoa ndama, inabidi ukipanguse kiwele na kukikanda, ungoje dakika moja, ndipo uweke vikombe. Mashine ya namna hii mikononi mwa anayeijua inafanya kazi ya wakamuaji watatu, na maziwa yake ni safi kuliko yetu ya ndoo. Mikononi mwa Sylvère, sijui.

Wewe ni wa kuosha vikombe, umeniandikia. Basi vioshe. Usimfundishe. Usimwambie hata neno moja kati ya haya.

Baba yako mkubwa,
Anselme

*

Bujumbura, Cibitoke, 9 Machi 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe na Benite na watoto. Sisi tupo. Mume wangu Destin bado anachomelea milango kwa fundi wake hapa Cibitoke, siku ambazo kuna umeme. Tantine Daphrose, dada yako, anakusalimu kutoka Ngagara. Anasema wewe ni mkubwa wake lakini amekuzidi meno. Karatasi safari hii nimemkabidhi Cirimwami ndani ya mfuko wa nailoni, peke yake.

Nimecheka mimi pia, Baba Mkubwa, ila kicheko changu kina uchungu ndani yake. Kila alfajiri napanda basi hadi Gatumba kuosha vikombe vya mashine iliyonunuliwa kwa mtamba wa baba yangu. Baba Mdogo aliwafukuza wakamuaji wote wawili siku mashine ilipofika. Mimi akaniambia mbele yao: "We Elvire, mikono yako ilikamua, sasa ipumuzike. Itabaki ya kuosha. Hii ni wakati ya mashine." Wakacheka, ingawa wao ndio waliokuwa wanafukuzwa.

Nikwambie anavyofanya. Ndama amewafungia mbali, nyuma ya nyumba, ili wasichafue. Anawaweka ng'ombe mstarini, anawasha injini, anabandika vikombe hapo hapo, kiwele kikavu, bila kupangusa. Gaju anarusha teke. Anamfunga miguu. Sindano ya kipimo iko juu ya hamsini. Nilimwuliza kama ni sawa, akasema aliyemuuzia alisema ikipanda ndiyo nguvu. Na kitu kingine ambacho sijawahi kukiona popote: wageni. Kila siku kuna mgeni. Mchungaji, mkuu wa mtaa, watu wa ng'ambo ya mpaka waliokuja kununua samaki. Kila mgeni anataka kuona vikombe vikinyonya, kwa hiyo havivui. Maziwa yamekwisha zamani, bomba ni tupu, yeye bado anaeleza. "Ona, ona vile inakamata," anasema. Akichoka kueleza, anavivuta kwa mkono bila kufunga hewa. Nasikia sauti ile kama kitambaa kinachopasuliwa.

Halafu petroli. Unajua hali ya mafuta hapa. Siku akikosa, anakwenda kupanga foleni na madumu, na ng'ombe wanasimama na viwele vimejaa hadi saa sita mchana. Kukamua kwa mikono hataki. Anasema watu watamwona.

Maziwa yamepungua. Mtungi uliokuwa ukijaa asubuhi sasa unabaki na nafasi ya kuweka mkono mzima. Analaumu majani. Jana alinilaumu mimi, akasema nimeleta macho mabaya.

Nakuuliza jambo moja tu, Baba Mkubwa. Ile skrubu ya kidhibiti, inayopandisha na kushusha mvuto, iko wapi hasa? Iko karibu na pampu, au karibu na kile kipimo?

Mtoto wako,
Elvire

*

Kalemie, 2 Aprili 2024

Elvire,

Barua yako imefika na unyevu, maana ziwa limepanda na Cirimwami alilala na mizigo yake ufukweni. Benite yu mzima. Mtoto ameanza kutabasamu. Wasalimu Destin na Daphrose, na umwambie Daphrose kwamba meno sina lakini ulimi upo.

Nimesoma swali lako la mwisho mara nyingi, na nimelielewa. Sitalijibu. Si kwa sababu ya huruma. Ningekuwa nayo ningekwambia ninayo. Ni kwa sababu mtu anayejichimbia shimo hasaidiwi kuchimba. Ukishika skrubu ile, siku ya kuganduka atasimama aseme: "Wameniharibia." Na kwa mara ya kwanza tangu Agosti atakuwa anasema kweli. Unataka kumpa zawadi hiyo?

Mvuto wa kufaa kwa ng'ombe wetu ni kama arobaini na mbili hivi. Yeye yuko juu ya hamsini kwa hiari yake. Mipira ni ya zamani kwa ubahili wake. Ndama wamefungwa kwa ujinga wake. Vikombe havivuliwi kwa majivuno yake. Kuna kitu gani umebakiziwa wewe cha kuongeza?

Tazama tu, na ujifunze kutazama. Vikombe vikivuliwa, angalia ncha ya chuchu: ikiwa laini, ni salama, ikiwa na pete nyeupe iliyokakamaa, mvuto umezidi au vikombe vinakaa mno. Kamua matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi. Ukiona vipande kama vya jibini, robo hiyo ya kiwele imeugua. Angalia pia saa. Ng'ombe anayekamuliwa leo alfajiri na kesho mchana hupunguza maziwa mwenyewe, hata ukimlisha nini, kwa sababu kiwele kilichojaa kinauambia mwili usitengeneze zaidi. Huu ndio uchumi mzima wa maziwa: utulivu, usafi, saa ileile. Mashine inazidisha ulicho nacho. Mwenye mpango, inamzidishia mpango. Mwenye fujo, inamzidishia fujo.

Nakuomba jibu moja la wazi: hujaigusa skrubu ile?

Na Gaju anaendeleaje? Baba yako alimpata akiwa ndama mdogo kwa mkono wangu, nilipompa siku ya harusi yako.

Anselme

*

Bujumbura, Cibitoke, 28 Mei 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Nisamehe kukawia. Maji ya Rusizi yaliingia tena Gatumba, barabara ikawa mto, na kwa majuma kadhaa tulikuwa tunavuka kwa mitumbwi ya abiria. Ng'ombe wamepona kwa sababu baba alilijenga zizi juu ya mawe. Destin alipata malaria, amepona. Tantine Daphrose alipokea watu wawili nyumbani kwake Ngagara, waliokimbia maji, na bado wanakaa sebuleni.

Umeniuliza juu ya Gaju. Chuchu mbili za nyuma zimepasuka. Robo moja inatoa maji na vipande, nimeona juu ya kitambaa cheusi kama ulivyosema. Ng'ombe wengine wawili wana ile pete. Juma lililopita kituo cha kukusanya maziwa kilirudisha mtungi wetu, yule dada wa pale akaufungua, akanusa, akaufunga. Baba Mdogo aliubeba mwenyewe kupita sokoni watu wakimtazama. Niliona vizuri. Nilikuwa nyuma yake makusudi.

Jumapili alikuja hapa Cibitoke. Hajawahi kuja kwangu tangu kilio. Akakaa kizingitini, kofia kichwani.

"Mukubwa anaandika nini huko?"

"Anasalimu."

"Kusalimu tu, karatasi tatu?"

"Anasalimu sana."

Destin alitoka nje ili acheke. Baba Mdogo akasema: "Mi nimechoka na hii mangombe. Nimeongea na mutu wa kuchinja. Atabeba Gaju na ile miwili. Ingine nitauza kwa watu wa Uvira. Kuganduka ikifika tutakula, tutakunywa, hakutakuwa tena kesi ya ng'ombe. Kesi ya kitu gani, kama haiko?"

Nikamwambia: "Na mashine?"

"Mashine nitabaki nayo. Mashine si ya marehemu."

Umeona, Baba Mkubwa. Tulikuwa tunamngoja ashindwe, na sasa kushindwa kwake ndiyo njia yake ya kutoka. Akiwauza, atakula nyama ya ng'ombe wa baba siku ya kuondoa kilio cha baba, na sisi tutapewa mifupa tumshukuru.

Mimi najua namna ya kuwaponya. Umenifundisha wewe. Nikimwambia, atasimama mbele ya ukoo aseme ni yeye. Nisipomwambia, watachinjwa. Nipe ruhusa, au unikataze, lakini unijibu upesi. Mchinjaji ameahidiwa mwanzo wa Julai.

Elvire

*

Kalemie, 15 Juni 2024

Elvire,

Salamu kwa wote. Hapa tu wazima.

Sikupi ruhusa. Waache wauzwe.

Najua unavyonisoma sasa hivi, kwa hiyo nitaeleza, maana sijawahi kukuamuru bila kueleza. Ng'ombe ni mali. Wanaugua, wanakufa, wanazaliwa wengine. Lakini mtu akisema kwa jina langu jambo ambalo sikulisema, na watu wote wakalisadiki, na mimi nikafa bila kulifuta, hilo halizaliwi tena. Nataka Sylvère afike siku ile mikono mitupu. Nataka ukoo umwulize: ng'ombe wako wapi, wewe uliyesema umepewa? Nataka ajibu. Nimekaa karibu mwaka mzima kwenye kitanda hiki, na kinachoniamsha asubuhi ni kuiona sura yake akitafuta jibu.

Ukiwaponya ng'ombe, unamponya yeye.

Kuhusu barua yangu ya Aprili, nilikuuliza jambo moja, ukanijibu juu ya mambo mengine yote.

Anselme

*

Bujumbura, Cibitoke, 9 Agosti 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Shalom kwako na kwa Benite. Mtoto ameanza kutambaa, nimesikia kwa Cirimwami. Destin anakusalimu, na Tantine Daphrose anasema sauti yako bado ni ya darasani. Juu ya hilo nitasema baadaye.

Barua yako ya Juni niliisoma, nikaiweka chini ya godoro, na nikakataa. Ni mara ya kwanza kukukatalia. Baba alikuwa akisimama zizini jioni bila kufanya kazi yoyote, mkono juu ya mgongo wa Gaju, mpaka mama amwite mara tatu. Nisingeweza kula nyama hiyo, Baba Mkubwa. Hata kwa ajili ya sura ya Baba Mdogo.

Nilikwenda Gatumba nikamwambia: "Usiuze. Nitayarudisha maziwa kabla ya kuganduka. Lakini usiguse mashine, na usilete mugeni."

Akaniangalia. "Hata muchungaji?"

"Hata muchungaji."

Akakubali haraka mno. Nilijua hesabu aliyokuwa anapiga: maziwa yatarudi, watu watakuja, yeye atasimama mbele.

Nikaanza. Niliifungua ile skrubu. Ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Nani aliikaza? Watu wengi wamepita pale. Nikaishusha mpaka sindano ikakaa arobaini na mbili. Destin aliuza redio yake tukapata mipira mipya. Nikawarudisha ndama. Asubuhi naleta ndama, ananyonya kidogo, namwondoa, napangusa, nakanda, nangoja, ndipo namvisha ng'ombe vikombe. Maziwa yakipungua nafunga hewa kwanza, vinaanguka vyenyewe mkononi kama tunda lililoiva. Ng'ombe watatu wenye vidonda sikuwaweka kwenye mashine kabisa, nawakamua kwa mkono, pole pole, na daktari wa mifugo aliwachoma dawa. Maziwa yao tunamwaga mpaka dawa itoke mwilini. Petroli niliomba tupewe kidogo kidogo na jirani mwenye pikipiki, ili saa zisibadilike. Ng'ombe wazima waliacha kurusha mateke juma la pili. Mwisho wa Julai mtungi ulikuwa unajaa, na kazi ya asubuhi iliyokuwa ikimaliza nusu siku nikawa naimaliza kabla ya watoto kwenda shule. Yule dada wa kituo alinusa, akatabasamu. Mashine haikuwa na kosa, Baba Mkubwa. Ulisema kweli.

Kuganduka ilifanyika Jumamosi, kwenye uwanja wa nyumba ya baba. Watu wa Ngagara walikuja, wa Uvira walikuja. Tulisali, tukala. Kisha Baba Mdogo akasimama na suti.

"Mulisema Sylvère hawezi," akasema. "Kujeni muone."

Saa ya kukamua ilikuwa bado kabisa. Jua lilikuwa la mchana. Nilikuwa nimekwisha kukamua alfajiri. Lakini wageni walikuwepo, na yeye akiona wageni hawezi kujizuia. Akawaongoza wote zizini, akawasha injini, akamvisha Gaju vikombe, wala hakupangusa. Chuchu zake zilikuwa bado zinapona. Bomba likabaki tupu. Watu wakainama kutazama bomba tupu. Gaju akarusha teke, kikombe kimoja kikaruka kikaanza kunyonya majani na samadi, na sauti yake ilikuwa mbaya mbele ya watu waliovaa vizuri.

"Elvire," akaniita. "Elvire, kuya."

Nilikuwa na sahani mikononi. Sikusogea. Namwomba Mungu msamaha kwa Gaju, lakini nilisimama na sahani zangu nikahesabu pumzi kumi. Nilimwona akitafuta swichi. Nilimwona akitafuta sura yangu. Kisha Tantine Daphrose akapita katikati ya watu, akaizima injini yeye mwenyewe.

"Nani anakamuaka hii ng'ombe kila siku?" akauliza.

Wale majirani wa Gatumba wakanitazama mimi.

Ndipo akatoa simu. Sikujua kwamba mmepanga, Baba Mkubwa. Hamkuniambia. Akaiweka sauti juu, akaishika hewani, na sauti yako ikatoka.

Ulisema: "Mimi ni Anselme. Mwaka jana mulisikia mutu akisema kwamba mimi nimesema. Leo munasikia mwenyewe. Sylvère sikumutuma. Ng'ombe za Amissi ni za mutoto wake Elvire. Mashine ilinunuliwa kwa mutamba ya Amissi, kwa hiyo inafuata ng'ombe."

Baba Mdogo akaisogelea simu. "Mukubwa, apana. Sikiliza kwanza. Mi niko na maneno."

Ukasema: "Masikio yangu hayasikii. Kama kuna ambaye hakuelewa, nitarudia."

"Mukubwa, nimesema sikiliza. Mukubwa."

Na ukarudia. Ukarudia yote, taratibu zaidi, kama unaandika ubaoni, neno kwa neno. Yeye alikuwa akipiga kelele juu ya sauti yako, na wewe ulikuwa unaendelea, na mara ya pili ulipofika kwenye "sikumutuma", mtu mmoja wa Uvira akaanza kucheka, kisha wote. Wale wakamuaji wawili waliocheka niliposhushwa kuwa wa kuosha vikombe, niliwaona pale, wanacheka tena. Upande mwingine.

Hakuna aliyepinga. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, na ulikuwa umesema.

Sasa ng'ombe ni wangu, na mashine pia. Lakini yeye hajaondoka. Tangu Jumatatu anakuja kila siku, anakaa kwenye jiwe mbele ya lango la zizi, suti ile ile bila tai. Jana alisema tu: "Sasa mi nifanye nini?" Destin anasema nimsamehe. Mimi nataka nifunge lango kwa mnyororo asione hata mkia. Nataka apite Gatumba yote na madumu yake matupu. Nimewaponya ng'ombe, sijapona mimi.

Niambie nifanye nini naye. Safari hii nitatii.

Mtoto wako,
Elvire

*

Kalemie, 19 Agosti 2024

Elvire, binti wa mdogo wangu,

Tumepokea. Mtoto anatambaa kweli, amekwisha kunivunjia miwani. Mshukuru Daphrose, na umwambie nimefurahi kwamba sauti bado ni ya darasani.

Ulinikatalia, na ulifanya vizuri. Mimi nilitaka kumwona akiwa mikono mitupu. Wewe umemnyima hata udhuru wa kusema ng'ombe walikuwa wabovu. Kisasi chako ni kirefu kuliko changu, nami nilidhani ni mimi mwalimu.

Juu ya skrubu iliyokazwa mpaka mwisho, nilikuuliza Aprili. Sitauliza tena. Na wewe usiniulize kama siku ile, simu ikiwa mkononi mwa Benite, nilisikia kitu au sikusikia.

Kumfungia lango kwa mnyororo, hapana. Mtu aliyefukuzwa anakwenda kusimulia mahali pengine, na anakofika anakuwa ndiye aliyedhulumiwa. Hatumpi safari hiyo. Abaki Gatumba, mahali kila mtu anapojua.

Nikueleze jambo la mwisho la mashine. Ng'ombe mwenye chuchu zilizopasuka asirudi kwenye vikombe mpaka ngozi ifunge kabisa na kitambaa cheusi kibaki safi kwa majuma mfululizo. Ukiharakisha, vidonda vitafunguka na robo ile itakufa. Kwa hiyo Gaju na wenzake wawili watakamuliwa kwa mkono miezi mingi bado, asubuhi na jioni, saa ileile. Ni kazi ya kukaa chini kwenye kigoda, goti kwenye samadi, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, polepole, na kila anayepita njia ya mpaka anakuona. Wewe una mashine ya kuangalia, huna nafasi. Destin ana milango yake. Vidonda vile vina mwenyewe, nawe unamwona kila siku juu ya jiwe.

Asipewe cheo. Asipewe funguo. Wageni wakija, waache watazame.

Siku utakayoisoma barua hii, kabla ya kukamua jioni, mpe Sylvère ndoo, na umwambie anawe mikono.

Baba yako mkubwa,
Anselme